Nani Ajaze Magazini?

Kwenye filamu za vita risasi haziishi, na zikiisha ni kwa sekunde moja tu: mpiganaji anachomoa magazini tupu, anachomeka iliyojaa, anakoki, mapambano yanaendelea. Hutamwona hata mara moja mhusika aliyekaa juu ya sanduku, risasi zimemwagwa mapajani, akizisukuma moja moja kwa kidole gumba mpaka ukucha unauma. Lakini muulize yeyote aliyepita jeshini, au mpiga shabaha wa mwisho wa wiki, atakwambia ni kazi gani iliyomla muda. Magazini ya kawaida ya AK au ya M16 hubeba risasi 30. Bunduki ikiwekwa kwenye mfululizo, zote 30 zinatoka ndani ya sekunde tatu au nne. Kuzirudisha kwa mkono ni shughuli ya dakika nzima kwa aliyezoea, na zaidi ya hapo kwa mgeni. Askari wa miguu wa Marekani kwa kawaida amekuwa akibeba magazini 7, maana yake risasi 210 ambazo mtu fulani lazima azipitishe kwenye midomo ya bati, moja baada ya nyingine.

Huyo mtu fulani ndiye anayenishughulisha hapa. Siku hizi kuna vifaa vya kila namna vya kujazia magazini haraka: vya plastiki vinavyoenea kiganjani, vya mezani vyenye mpini, vya trei inayomiminiwa risasi kwa mkupuo. Wauzaji wanasema vinaokoa muda. Wanaovidharau wanasema ni anasa ya wenye vidole laini. Mabishano hayo hayafiki mbali, kwa sababu yanaanzia katikati ya hadithi. Kazi ya kupanga risasi haijawahi kutoweka katika historia ya bunduki. Imekuwa ikihamishwa tu. Ilitoka kwa askari ikaenda kiwandani, ikarudi kwa askari, na sasa inahamishiwa kwenye kipande cha plastiki. Na mara nyingi aliyeamua ibebwe na nani hakuwa fundi wa silaha bali mshika hesabu wa stoo.

Kwanza tuifungue magazini yenyewe. Ni kasha la bati au plastiki lenye springi ndefu ndani, na juu ya springi kuna kibao kidogo. Risasi hukaa juu ya kibao hicho, na kinachozizuia zisiruke ni kingo mbili zilizokunjwa kwa ndani, ndiyo midomo niliyoitaja. Kila risasi inayoingia inaibana springi zaidi: kumi za kwanza zinaingia kwa raha, kumi za mwisho zinakugomea. Hata hivyo magazini nyingi za bunduki ndefu zina nafuu. Hupanga risasi safu mbili zilizopishana na kuzitoa kushoto na kulia kwa zamu, hivyo inatosha kuisukuma risasi chini moja kwa moja. Bastola na baadhi ya bunduki ndogo za rashasha ndizo zenye balaa, kwa kuwa safu mbili hubanwa juu zikawa moja. Hapo inakubidi ubonyeze risasi iliyotangulia kwa kidole kimoja huku ukiitelezesha mpya chini ya midomo, na springi nzima inakusukuma kukurudisha nyuma. Waingereza walipotengeneza Sten wakati wa Vita Kuu ya Pili walilijua hilo, ndiyo maana bunduki hiyo rahisi kupindukia ilitolewa pamoja na kifaa chake cha kujazia. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo kwa MP 40. Magazini zote mbili zilitajwa kuwa za risasi 32, na wazoefu wengi waliziacha pungufu kidogo ili springi isilemewe.

Mazoea hayo ya kupunguza yamekuwa ya kudumu. Magazini ya Bren, rashasha nyepesi ya Waingereza, ilikuwa ya 30, ikijazwa 28. Magazini ya M16 kule Vietnam ilikuwa ya 20, wengi wakaweka 18. Kidole gumba kinajua jambo ambalo mchoro wa kiwandani hausemi.

Kabla ya magazini, suala la kasi lilikuwa zito zaidi. Mwenye gobore alimimina baruti mtutuni, akatia gololi au marisau, akashindilia kwa ufito, akaweka fataki, ndipo akalenga. Akikosa, alianza upya huku adui au nyati akimjia. Ukitaka kujua wakubwa wa dunia walilipa uzito gani jambo hili, soma Mkataba wa Brussels wa 1890. Mataifa ya Ulaya, pamoja na Marekani na Usultani wa Zanzibar miongoni mwa waliotia saini, yalipiga marufuku kuingiza silaha bora katika eneo kubwa la Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini ya ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Zilizoweza kuruhusiwa kwa masharti ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida. Mkataba ulijitambulisha kama silaha ya kupambana na biashara ya watumwa, na kweli ulikuwa na sura hiyo. Lakini mstari uliochorwa uligawa watu kwa namna wanavyopakia: huku wapakiao kwa nyuma, kule washindiliao kwa mbele. Sheria chache zimesema waziwazi hivyo kwamba nguvu ya bunduki haiko kwenye mlio wake bali kwenye muda unaopita kati ya mlio mmoja na wa pili.

Muda huo uliwageukia hata wenye silaha bora. Tarehe 17 Agosti 1891 huko Lugalo, Uheheni, kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kilivamiwa kikiwa safarini. Askari walikuwa na bunduki za kisasa kuliko chochote walichokuwa nacho wengi wa Wahehe, ila zilikuwa za kupakia risasi moja moja, na wavamizi walikuwa karibu mno. Mikuki ilifika kabla wengi hawajapiga zaidi ya risasi moja au mbili. Mamia ya bunduki yakaishia mikononi mwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe.

Wakati huohuo kule Ulaya mafundi wawili walikuwa wamekwisha kulitatua fumbo. Tuwape heshima yao, ingawa kuna aliyewatangulia. Mwishoni mwa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kanali wa farasi kutoka Connecticut, Erastus Blakeslee, alibuni sanduku la ngozi lenye mirija ya bati, kila mrija una risasi 7 zilizokwisha kupangwa. Mpanda farasi mwenye bunduki ya Spencer, ambayo magazini yake ilikuwa ndani ya kitako, alichomoa mrija, akaumimina kitakoni, akaendelea. Hicho, kwa maoni yangu, ndicho kifaa cha kwanza cha kujazia magazini kinachostahili jina hilo. Hati ya ubunifu ilitolewa Desemba 1864, vita vikaisha miezi michache baadaye, na wazo likafunikwa na usahaulifu wa wakati wa amani.

Mafundi wawili wenyewe ni Ferdinand Mannlicher wa Austria na Paul Mauser wa Ujerumani. Katikati ya miaka ya 1880 Mannlicher alifunga risasi tano ndani ya fremu ndogo ya chuma, fremu nzima ikaingizwa ndani ya bunduki pamoja na risasi zake, na ilipobaki tupu ikaangukia chini. Mauser, kwenye bunduki aliyowauzia Wabelgiji mwaka 1889, alipita njia nyingine. Alishika risasi tano kwa kibanio chembamba cha bati kwenye vitako vyake. Unakisimamisha kibanio juu ya bunduki iliyo wazi, unasukuma risasi kwa gumba, zinateremka zote kwa mkupuo, kibanio unakitupa. Kwa Mannlicher, ukikosa fremu bunduki yako inarudi kuwa ya risasi moja moja. Kwa Mauser, ukikosa kibanio unaendelea kujaza kwa mkono. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyofanya njia ya Mauser ienee duniani, na ndiyo iliyozaa kiwanda cha FN huko Herstal, kilichoanzishwa 1889 mahsusi kuitengeneza bunduki hiyo.

Hapa ndipo kazi ilipohama mikono. Risasi zilitoka kiwandani zimekwisha kupangwa kwenye vibanio, vibanio vimepangwa kwenye mikanda ya kitambaa, mikanda ndani ya masanduku. Vita Kuu ya Kwanza ilipokolea, sehemu kubwa ya kazi za viwanda vya risasi ilifanywa na wanawake, wakiwemo maelfu wa Woolwich, London. Askari aliyekuwa handakini alifungua mfuko akakuta dakika zake zimekwisha kulipwa na vidole vya mtu mwingine, mbali kabisa, kwa mshahara wa wiki.

Nchi zilizochelewa kuelewa zilifunzwa kwa damu. Tarehe 1 Julai 1898 nchini Cuba, Wahispania wapatao 500 waliokuwa El Caney waliwazuia maelfu ya Wamarekani kwa sehemu kubwa ya mchana. Walikuwa na handaki, walikuwa na ujasiri, na walikuwa na Mauser za vibanio. Wamarekani wa jeshi la kudumu walikuwa na Krag, bunduki nzuri yenye kimlango ubavuni ambako risasi tano zilidondoshwa moja moja. Baada ya vita Wamarekani waliichunguza Mauser kwa makini kiasi kwamba Springfield yao ya 1903 iliwalazimu kuilipa kampuni ya Mauser ada iliyofikia dola 200,000, kibanio kikiwa sehemu ya deni hilo.

Waingereza walipata somo lao Afrika Kusini kuanzia 1899, mbele ya wakulima wa Kiburu wenye Mauser zilezile. Kisa chao kinanivutia zaidi kwa sababu wao tayari walikuwa na magazini ya risasi 10 inayochomoka, kubwa mara mbili kuliko ya Mauser. Wangeweza kumpa kila askari tatu au nne zilizojaa. Badala yake, matoleo ya mwanzo yaliifunga magazini kwenye bunduki kwa kiungo cha mnyororo isije ikapotea, na askari alipewa hiyohiyo moja. Tena juu yake kulikuwa na bamba la chuma la kuifungia, ili askari apige risasi moja moja kwa mkono na zile za magazini azitunze kama akiba ya siku mbaya. Hofu ilikuwa wazi: mtu mdogo akipewa kasi atafuja mali ya serikali. Nimesoma mengi kuhusu bunduki za zama hizo, na sijaona kielelezo bora cha jinsi ofisi inavyoweza kununua chombo cha haraka kisha ikatumia akili nyingi kukipunguza mwendo.

Baada ya Waburu kuwapa elimu, Waingereza walitoa Lee-Enfield fupi yenye njia ya vibanio vya risasi tano. Askari wao wa kulipwa wakafunzwa kupiga risasi 15 za kulenga ndani ya dakika moja kwa umbali wa yadi 300, jambo lisilowezekana bila vibanio. Lile bamba la kufungia magazini nalo likaondolewa wakati wa vita vya 1914. Kulikuwa na udhia mmoja tu. Risasi yao ya .303 ina ukingo unaotokeza kwenye kitako, na ukipanga vibaya, ukingo wa risasi ya juu ukakaa nyuma ya ule wa chini, bunduki inagoma kabisa. Kasi ya kujaza ilidai upangaji makini uwe umefanywa na mtu fulani mapema.

Somo hilo lilifika Afrika Mashariki pia: Tanga, Novemba 1914. Kila anayesimulia vita hivi hukimbilia nyuki waliowauma wapiganaji, na nyuki kweli walikuwepo. Lakini waache kidogo. Jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilianza vita likiwa na kampuni nyingi ambazo askari wake bado walibeba bunduki za mtindo wa 1871, za risasi moja moja na za baruti nyeusi. Kila mlio ulitoa wingu la moshi lililomwonyesha adui mahali pa kulenga, na kila mlio ulifuatwa na mkono kwenda kwenye mkoba. Kikosi cha Waingereza na Wahindi kilichoshuka pwani kilikuwa kama watu 8,000 dhidi ya watu wapatao elfu moja. Kiliposhindwa na kurudi melini, kiliacha bunduki mia kadhaa, bombomu 16 na risasi zisizopungua nusu milioni. Lettow-Vorbeck aliandika baadaye kuwa ngawira hiyo ilitosha kuzipa kampuni tatu silaha za kisasa. Kwa askari wa Kiafrika waliopewa Lee-Enfield zile, mabadiliko yalikuwa ya vidole: jana risasi moja moja, leo tano kwa msukumo mmoja.

Mwaka uliofuata, Aprili 1915, meli ya Kijerumani iliyovunja mzingiro wa Waingereza ilipigwa mizinga kwenye ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama kina kifupi. Shehena iliopolewa. Kulikuwa na bunduki mpya za Mauser na risasi kwa mamilioni, nyingi zimelowa maji ya chumvi. Zikakaushwa, zikafunguliwa, zikasafishwa, zikafungwa upya, kazi ya mikono mingi kwa miezi. Kiwanda kilipokuwa mbali, kazi yake ilirudi kwa watu wa pwani na bara.

Bunduki ya rashasha ilivuruga mpango huu safi wa vibanio vya kiwandani. Maxim ilikula mkanda wa kitambaa wa risasi 250, na haikuwezekana kumwachia mtu aupange kwa gumba, hivyo kikaja kimashine cha mpini cha kujazia mikanda. Wajapani walijaribu ujanja mwingine mwaka 1922. Bunduki yao nyepesi ya Aina ya 11 haikuwa na magazini wala mkanda, bali kisanduku ubavuni kilichopokea vibanio sita vya bunduki za kawaida vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Askari yeyote angeweza kumlisha mpiga rashasha kutoka mkobani mwake. Ni wazo la kupendeza mno kwenye karatasi. Uwanjani kisanduku hicho kilikaribisha vumbi, na risasi zilihitaji kupakwa mafuta ili zisinase, kwa hiyo vumbi likapata pa kugandia.

Waingereza walikwenda na Bren na magazini yake ya juu, na hapo mzigo ukarudi mgongoni mwa askari bila mtu kutangaza. Risasi bado zilitoka kiwandani kwenye vibanio vya tano tano, mikanda ya 50, kwa ajili ya bunduki za kawaida. Ili kuzitia kwenye magazini ya Bren ilibidi uzitoe kwenye vibanio na kuzipanga tena, ukiangalia ule ukingo wa kitako usikae vibaya. Fikiria Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikiteremka bonde la Kabaw, Burma, nusu ya pili ya 1944, wakati wa masika ya huko: vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasa wakipokezana amri kwa Kiswahili cha KAR (King's African Rifles) katika tope lisilo na mwisho. Bren ndiyo iliyokuwa nguzo ya kila kikosi kidogo, na magazini zake zilibebwa na wote. Kila magazini iliyokwisha ilikuwa kazi ya watu wawili watatu jioni.

Baada ya 1945 magazini inayochomoka ikashinda kila mahali, na ushindi huo umetuficha gharama yake. Mfano mzuri uko Tanzania. Askari na polisi wa nchi hii wamezoea kusema SAR na SMG, na taarifa za polisi zinaziandika hivyohivyo. Ni urithi wa Wachina. Mwaka 1956 walipokea miundo miwili ya Kisovieti, SKS na AK, wakaiweka ya kwanza kwenye fungu la bunduki nusu-otomatiki na ya pili kwenye fungu la bunduki ndogo za rashasha. SAR ina magazini isiyochomoka ya risasi 10, nayo hujazwa kwa kibanio cha 10, kwa njia ileile ya Mauser. SMG ina magazini ya 30 inayochomoka. Mwenye SMG anampita mwenye SAR kwa mbali mradi ana magazini zilizojaa. Zikishakuwa tupu zote, mwenye SAR mwenye vibanio mkobani anarudi kupiga wakati mwenzake bado anasukuma risasi ya nane kwa gumba, maana AK haina mahali pa kusimamishia kibanio. Magazini inayochomoka iliharakisha dakika ya mapambano na kuirefusha saa iliyotangulia, na saa hiyo ilitoka kwenye usingizi wa askari.

Wamarekani walijaribu kuziba pengo hilo kwa M16. Risasi zao hutoka kiwandani kwenye vibanio vya 10, kwenye mikanda ya mifuko minne, na kila mkanda una kipande kidogo cha bati cha kuunganishia kibanio na mdomo wa magazini. Unasukuma mara tatu, magazini imejaa. Kipande hicho cha senti chache ndicho, kwangu mimi, kifaa bora kuliko vyote vilivyowahi kubuniwa katika fani hii, kwa kuwa kinarejesha kazi kiwandani bila kudai betri, mpini wala mafunzo. Warusi nao walipoleta AK-74 walikuja na vibanio vya 15. Shida ya vipande vidogo ni kupotea, na majeshi mengi duniani hununua risasi zilizomwagwa tu kwenye maboksi kwa sababu ni nafuu. Mshika hesabu anaokoa fedha, gumba linalipa.

Pengo hilo ndilo linalozibwa na vifaa vya leo. Kinachojulikana zaidi ni LULA cha kampuni ya maglula ya Israeli. Unakivika juu ya magazini, na kimkono chake kinaibonyeza risasi ya juu kwa niaba ya gumba, unadondosha nyingine mbele yake, unaachia, unabonyeza tena. Hakipangi risasi, kinabeba maumivu tu, na kwa anayejaza magazini kumi hilo si dogo. Ukikigeuza kinatoa risasi pia, jambo lenye manufaa makubwa kuliko kujaza kwa jeshi linalokabidhi silaha kila jioni. Vifaa vikubwa zaidi vya wapiga shabaha wa Marekani huchukua trei au mstari wa risasi 30 na kuzisukuma zote kwa mkono mmoja wa mpini.

Je, vinafaa? Kwa anayelipia saa ya uwanja wa shabaha, ndiyo, ingawa rafiki zangu wa mchezo huo hawapendi kukiri kwamba kifaa hicho kinawamalizia risasi mapema kuliko kinavyowaokolea muda. Kwa mwalimu wa kikosi chenye wanafunzi wengi, ndiyo bila shaka. Lakini kuna kitu kinachopotea, nacho hutajwa mara chache. Kujaza kwa mkono ni ukaguzi. Gumba likipita juu ya kila risasi huhisi ganda lililobonyea, kutu, kichwa kilichosukumwa ndani. Mpini hauhisi. Kwa risasi za kawaida hasara ni bunduki kugoma. Kwa wenye bunduki za aina mbili hasara ni kubwa zaidi. Risasi ya .300 Blackout, iliyosanifishwa Marekani mwaka 2011, inaingia kwenye magazini ileile ya 5.56 bila kulalamika, na ikifyatuliwa katika bunduki ya 5.56 inaweza kuipasua mbele ya uso wa mwenyewe. Trei inayomiminwa haiulizi umemimina nini.

Mjadala wa sheria nao unachanganya mambo mawili. Wanaotaka magazini ndogo Marekani hukumbusha Tucson, Januari 2011, ambapo mshambuliaji mwenye bastola aliangushwa na raia alipokuwa akibadili magazini. Hoja ni nzito: kila pengo la sekunde ni nafasi ya mtu kukimbia au kumrukia. Lakini kifaa cha kujazia magazini iliyochomolewa hakigusi pengo hilo, kwa kuwa kinafanya kazi nyumbani kabla, au mezani baada ya kila kitu. Kinacholigusa ni kifaa cha kujaza silaha ikiwa mkononi. Mfano wake mmoja ni wa bastola za mzunguko. Baada ya askari wanne wa doria ya barabara kuu ya California kuuawa kwa dakika chache huko Newhall usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, idara yao iliachana na risasi za kudondosha kutoka mfukoni, ikaruhusu kishikio kinachoingiza sita kwa pamoja.

California hiyohiyo imetoa mfano wa pili, wa kuchekesha kwa wenye moyo mgumu. Mwaka 2016 jimbo liliimarisha sheria dhidi ya bunduki zenye magazini inayochomoka kirahisi, na baadhi ya wamiliki wakaziba magazini zao zisichomoke, risasi 10 ndani. Haikupita muda kikaja kifaa kinachoingiza risasi 10 kupitia dirisha la kutolea maganda, ubavuni. Sheria ilikusudia kumpunguza kasi mpigaji kwa kumrudisha kwenye magazini isiyochomoka, na mafundi wakafanya kile ambacho wenzao walifanya mara ya mwisho magazini zilipokuwa hazichomoki. Canada imekuwa na uangalifu zaidi wa maneno: bunduki za nusu-otomatiki za aina nyingi zinaruhusiwa risasi 5 tu, ila bunduki ya M1 Garand imeachiwa fremu yake ya 8, kwa kutajwa kwa jina katika kanuni. Kwa Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inaanza mbali zaidi, kwenye leseni ya silaha na ya risasi, na kwa mwenye leseni ya bunduki ya kuwindia kasi ya kujaza haina maana kubwa.

Kwa majeshi, jambo linaloamua mwisho wake si kasi bali kilo. Jeshi la Marekani mwaka 2022 lilichagua bunduki mpya ya milimita 6.8, yenye risasi nzito na yenye nguvu kuliko ya M16. Magazini yake ni ya 20. Askari anabeba 7, jumla 140. Kidole gumba kimepunguziwa theluthi ya kazi, na baadhi ya maofisa wameanza kulalamika kuwa askari wao watakaukiwa mapema.